Wastani: Usisahau Siku Tupu



Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa namna ya kupata wastani, hujibu upesi: "Jumlisha, halafu gawanya." Sawa. Lakini agawanye kwa ngapi? Hapo ndipo wengi hukosea, hata sisi wazazi.

1. Anza na vifuniko vya soda

Ita watoto watatu. Mpe mmoja vifuniko 2, mwingine 7, wa tatu 3. Waambie wagawane wawe sawa. Wataweka vyote pamoja, 12, na kila mmoja atapata 4. Hiyo 4 ndiyo wastani. Sasa uliza: nani alikuwa na 4 hapo mwanzo? Hakuna! Basi wastani ni kile ambacho kila mtu angepata kama wote wangekuwa sawa.

2. Sasa pesa

Twende Makongeni, Nairobi, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwenye mshahara anajua mwisho wa mwezi atapata ngapi. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara hajui. Yeye ndiye anahitaji wastani.

Tuseme faida yake ni hii:

Jumatatu Sh. 300
Jumanne Sh. 450
Jumatano Sh. 0 (mvua)
Alhamisi Sh. 350
Ijumaa Sh. 400

Jumla ni Sh. 1,500. Mtoto ataona siku nne zenye pesa, agawanye kwa 4, apate 375. Mwulize: Jumatano watu hawakula? Walikula. Basi siku ni 5, na wastani ni Sh. 300.

Hizo Sh. 75 si mchezo. Mama akipanga matumizi ya Sh. 375 kila siku, kwa siku tano atahitaji Sh. 1,875. Atapungukiwa na Sh. 375, na siku ya mchango wa kikundi ataona haya kuja.

3. Njia ya kujipima

Wastani hauwezi kuwa chini ya namba ndogo kabisa wala kupita ile kubwa kabisa. Ukipita, rudia hesabu.

Zoezi la kikundi

Wanachama watano walileta Sh. 100, 50, 0, 200 na 150. Wastani ni ngapi? Mpe mtoto daftari ahesabu mbele ya wote. (Jibu: Sh. 100. Ukipata 125, umemsahau mwenzetu aliyekosa.)