Pikapu Iliyoinuliwa Inapovuta Upande: Jua Unacholipia

Wakazi wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Madale hadi Mbagala na Chamazi, huinua pikapu zao kwa sababu inayoeleweka. Masika hukata makorongo katika barabara za mitaa, na gari lililo chini hukwaruza tumbo. Tatizo hujitokeza gari linapofika kwenye lami. Huvuta upande mmoja. Mwenyewe hurudi gereji, hulipia alaimenti, na baada ya siku mbili hali ni ile ile. Hulipia tena. Katika somo hili tunaeleza namna ya kutafuta chanzo kwa utaratibu, ili fedha yako ilipie tiba na si kubahatisha.

Kwanza, taja dalili kwa usahihi

Malalamiko matatu huchanganywa. Gari kuvuta ni pale linapokwenda upande mmoja ukilegeza mkono. Gari kuyumba ni pale linapotangatanga huku na huku, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Usukani kukaa upande ni pale gari linapokwenda moja kwa moja huku usukani umepinda. Kila dalili ina chanzo chake. Mweleze fundi ni ipi unayoiona.

Kumbuka pia kwamba sisi huendesha kushoto, na barabara nyingi huinamishwa kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatiririke. Gari zima linaweza kuelekea kushoto kidogo kwa sababu hiyo. Lijaribu mahali palipo tambarare, pasipo na msongamano, kwa mwendo mdogo. Legeza mikono, lakini usiiondoe kwenye usukani.

Pili, anza na kisichogharimu

Pima upepo wa matairi yakiwa yamepoa. Kiwango cha mtengenezaji huandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi katika fremu ya mlango wa dereva. Ikiwa umeweka matairi makubwa kuliko ya awali, muulize muuzaji kiwango kinachofaa, na hakikisha ya mbele yanalingana kulia na kushoto. Tairi lenye upepo pungufu huvuta gari kuelekea upande wake.

Kisha badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia, isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo ubavuni. Mvuto ukihamia upande wa pili au ukiisha, kosa ni la tairi. Ukibaki upande ule ule, endelea na uchunguzi.

Gari likivuta pale tu unapokanyaga breki, usitafute alaimenti, tafuta breki. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Upande mmoja ukiwa na joto kali kuliko mwingine, huenda breki yake imeng'ang'ania.

Tatu, vilivyolegea hutangulia vipimo

Mwombe fundi anyanyue magurudumu ya mbele na kuegemeza gari kwenye stendi imara, si mawe, nawe ukiwepo. Gurudumu likicheza linapotikiswa juu na chini, kagua beringi na boli jointi. Likicheza linapotikiswa kulia na kushoto, kagua tairodi. Bushi zilizochakaa pia zikaguliwe. Kupima alaimenti kabla ya kubadilisha vifaa hivi ni kazi bure, kwa maana vipimo havitakaa.

Nne, kuinua kunabadilisha nini

Mafundi huzungumzia pembe tatu. Kemba ni jinsi tairi linavyolala ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu huzungukia linapokatwa. Ndiyo hurudisha usukani katikati. Too ni mwelekeo wa ncha za mbele za matairi, kama zinakaribiana au zinaachana.

Pikapu kama Toyota Hilux ya kisasa, ambayo kila gurudumu la mbele hujitegemea, ikiinuliwa kwa spesa au springi ndefu, mikono inayoshika gurudumu hubadili pembe zake na zote tatu huhama. Kasta ikipungua pande zote mbili, gari huyumba. Ikitofautiana, gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Kwa kemba, huvuta kuelekea upande ambao tairi limelala nje zaidi. Katika pikapu yenye eksili nzima mbele, eksili yenyewe inaweza kusogea upande mmoja, na fimbo inayoishikilia huhitaji kurekebishwa urefu.

Hapa ndipo watumiaji wengi hupoteza fedha. Gereji nyingine hurekebisha too peke yake kwa kuzungusha tairodi. Kazi hiyo hunyoosha usukani na kupunguza ulaji wa matairi, lakini kwa kawaida haiondoi mvuto unaotokana na kasta au kemba. Kuilipia mara tatu hakutaifanya itibu ugonjwa usio wake.

Tano, kabla ya kulipa

Uliza kama mashine hupima pembe zote tatu. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, kulia na kushoto. Ukielezwa kwamba kasta haiwezi kurekebishwa, uliza ni kifaa gani kinahitajika na bei yake, kwa maandishi. Fanya majaribio barabarani pamoja na fundi, kisha chukua risiti ya EFD inayotaja kazi iliyofanyika. Aliyeinua gari naye aulizwe tangu mwanzo: bei yake inajumuisha alaimenti, au hiyo ni juu yako?

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Ukiahidiwa huduma usiyopewa, rudi kwanza gereji ukiwa na karatasi zako. Usiposikilizwa, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Malalamiko yenye vipimo na risiti husimama. Ya mdomo mtupu ni vigumu kuyathibitisha.

Mwisho, usukani ukianza kutetemeka kwa nguvu, au mvuto ukija ghafla, simamisha gari mahali salama na usiendelee na safari. Pembeni yako kuna bodaboda na watembea kwa miguu, nao hawana nafasi ya kukwepa kosa la gari lako.