Klachi Ikifunguliwa, Tubadilishe Nini?

Karo yangu hutoka kwa pikapu ya mjomba. Mwaka jana klachi yake ilianza kuteleza: injini yanguruma lakini gari halina nguvu. Fundi alishusha giaboksi, akataka kubadilisha pleti pamoja na beringi. Mjomba akanunua pleti peke yake. "Beringi hii si bado inazunguka?" akauliza. Wiki tatu baadaye beringi ikawa inalia kila akikanyaga klachi. Giaboksi ikashushwa tena, fundi akalipwa tena, nami nikarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Siku hizo nilishinda gereji nikimsaidia fundi. Alinifunza hivi:

1. Klachi pleti: ikilika hadi karibu na ribiti zake, badilisha.

2. Presha pleti: ikiwa na mikwaruzo, alama za buluu za kuungua, au vidole vya springi vilivyolika, badilisha.

3. Beringi: badilisha hata kama hailii. Huwezi kuifikia bila kushusha giaboksi.

4. Flaiwili: ikiwa na mikwaruzo midogo, huchongwa ikawa laini. Ikiwa na nyufa kubwa, nunua nyingine.

5. Sili ya oili: ikivuja, oili italowesha pleti mpya, nayo itateleza kama ile kuukuu.

Basi kabla giaboksi haijarudishwa, jiulize: ni kipi hapa kitakachonirudisha gereji? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi ukuta huo niliujenga kwa wiki mbili bila masomo.