Dondoo muhimu: Lindeni siri ya pochi ya kidijitali ya chama

Miamala ya Ethereum iko wazi. Yeyote anayeijua anwani ya pochi yenu anaweza kusoma salio lote, awe mjini Wote, Mwingi au ng'ambo.

• Tumieni pochi mbili: ya akiba, na ya biashara kwenye majukwaa kama Uniswap au Aave. Mkihamisha pesa moja kwa moja kati ya hizo mbili, uhusiano wake utaonekana.
• Msibandike anwani kwenye kikundi cha WhatsApp.
• Mkiuza sarafu ya USDT kwa M-Pesa, mnunuzi huona jina la mpokeaji wa pesa, hivyo mkimtumia USDT moja kwa moja kutoka pochi yenu, anaweza kujua ni ya nani.
• Roboti huwinda maagizo makubwa ya kubadilisha sarafu yanayosubiri, kwa hiyo wekeni kikomo cha bei.
• Futeni vibali vya zamani mlivyoyapa majukwaa kutumia sarafu zenu.
• Maneno 12 au 24 ya siri ya pochi hayatumwi kwa yeyote.

Faragha si kukwepa kodi: wekeni rekodi kwa ajili ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.