Moshi umehamia Kinyerezi?

Swali: Naendesha bajaji ya petroli Kariakoo. Ya umeme wanaisifu, lakini umeme si unatokana na mitambo ya gesi ya Kinyerezi? Ipi safi?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu, ila ya umeme inashinda. Kwenye foleni ya Msimbazi injini yako inanguruma umesimama. Hata ukitembea, kama robo tu ya nguvu ya petroli hufika magurudumuni. Iliyobaki ni joto chini ya kiti cha abiria. Kila lita inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa. Mota ya umeme hupeleka magurudumuni zaidi ya robo tatu ya chaji, na ukisimama, karibu haili kitu. Kinyerezi inachoma gesi, kweli, lakini Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, nalo linalisha gridi kwa maji ya Rufiji. Kabla hujanunua, uliza bei ya betri mpya.