Kubadili Gari Kubwa la Petroli Litumie Gesi: Hesabu Kwanza, Fundi Baadaye

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za juu zaidi za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na bei hizo huanza kutumika tarehe 15. Kwa mwenye gari kubwa la petroli katika wadi za Marani, Sensi, Monyerero na Kegogi, tangazo hilo ndilo huamua kama safari ya kupeleka ndizi na avokado Kisii mjini italeta faida, au kama karo ya usafiri wa watoto wa shule itatosha mafuta ya mwezi.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari huuliza kama injini ya petroli inaweza kubadilishwa itumie gesi ya LPG, ambayo ni gesi ileile inayotumika jikoni. Jibu ni kwamba inawezekana. Uturuki, Poland, Italia na Korea Kusini zina mamilioni ya magari ya aina hiyo. Lakini kuwezekana ni jambo moja, na kumfaa mkazi wa Marani ni jambo jingine. Somo hili linaeleza kazi yenyewe, hesabu yake, hatari zake na sheria, ili mwananchi aamue kabla ya kutoa pesa zake.

GESI HII NI NINI?

LPG ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikiwekwa chini ya presha ya kiasi hugeuka kuwa majimaji, na ndiyo maana gesi nyingi hutoshea ndani ya tangi dogo. Presha ndani ya tangi huwa takriban kati ya bar 2 na bar 8 katika joto la kawaida, kutegemea mchanganyiko.

Gesi hii isichanganywe na ile inayotumiwa na magari na bajaji jijini Dar es Salaam. Tanzania ina gesi asilia yake, na tangu 2004 gesi ya Songo Songo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Magari ya huko hutumia CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa kwa presha ya takriban bar 200. Tangi, mabomba na vali za CNG ni tofauti kabisa na za LPG. Mtu akiletewa vifaa vilivyotumika na kuambiwa kwamba "gesi ni gesi", asikubali.

Kenya haina bomba la aina hiyo. LPG yetu huagizwa kutoka nje na kushushwa Mombasa kama ilivyo petroli. Kwa hiyo bei ya gesi nayo hupanda na kushuka pamoja na bei za dunia na thamani ya dola. Zaidi ya hayo, EPRA haitangazi bei ya juu ya LPG kila mwezi kama inavyofanya kwa petroli.

GARI HUBADILISHWA VIPI?

Injini haiondolewi wala tangi la petroli halitolewi. Gari linabaki na mafuta ya aina mbili. Vifaa vinavyoongezwa ni hivi:

1. Tangi la gesi, ambalo mara nyingi huwekwa ndani ya buti au mahali pa gurudumu la spea. Tangi halijazwi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu gesi ya majimaji hutanuka joto likipanda. Vali maalumu hufunga yenyewe kiwango hicho kinapofikiwa.

2. Bomba linalopita chini ya gari kupeleka gesi ya majimaji mbele, pamoja na vali za umeme zinazokata gesi injini inapozimika.

3. Kifaa cha kupunguza presha, ambacho hugeuza majimaji kuwa mvuke. Kifaa hiki hupashwa joto na maji ya rejeta. LPG inapogeuka mvuke hunyonya joto jingi, hivyo rejeta ikipungukiwa na maji kifaa huganda na gari huzima.

4. Injekta za gesi na kompyuta ndogo inayopima kiasi cha gesi kwa kila silinda. Magari ya zamani ya kabureta hutumia kichanganyio badala ya injekta, na hupoteza nguvu zaidi.

5. Swichi ya kuchagua petroli au gesi.

Gari huwashwa kwa petroli, kisha likishapata joto huhamia kwenye gesi lenyewe. Kwa hiyo petroli haiachwi kabisa. Anayeacha tangi la petroli likauke huua pampu ya petroli, na safari fupi za kilomita mbili tatu huisha kabla gesi haijaanza kufanya kazi.

Injini za dizeli haziingii katika mpango huu. Hazina plagi za kuwasha gesi, na mabadiliko yake ni kazi nyingine kabisa.

HESABU INAYOPASWA KUFANYWA KWANZA

Lita moja ya LPG ina nguvu ndogo kuliko lita moja ya petroli. Kwa makadirio mazuri, kazi ya lita 1 ya petroli huhitaji lita 1.3 za gesi. Kutokana na hilo inapatikana kanuni rahisi: gawanya bei ya petroli kwa 1.3. Gesi ikiuzwa kwa bei iliyo juu ya jibu hilo, hakuna faida.

Tuchukue mfano. Petroli ikiwa Sh180 kwa lita, 180 gawanya kwa 1.3 ni takriban Sh138. Gesi ya Sh140 kwa lita ni hasara, ingawa kwenye ubao wa bei inaonekana ni rahisi.

Sasa tuchukue gari kubwa la injini ya lita 2.7 linalokwenda kilomita 8 kwa lita, na gesi ya pampu iwe Sh110 kwa lita.

Gari likienda kilomita 2,000 kwa mwezi, litatumia lita 250 za petroli, yaani Sh45,000. Kwa gesi litatumia lita 325, yaani Sh35,750. Linaokoa Sh9,250. Kama kazi ya kubadili iligharimu Sh120,000, pesa hizo zitarudi baada ya miezi 13 hivi.

Gari lilelile likienda kilomita 500 tu kwa mwezi, yaani la kwenda kanisani, sokoni na matangani, litaokoa takriban Sh2,300. Pesa za kubadili zitarudi baada ya zaidi ya miaka minne, bila kuhesabu petroli ya kuwashia wala huduma ya vifaa.

Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za mwezi wake na kilomita zake.

PAMPU IKO WAPI?

Hili ndilo swali linaloamua mambo Marani kuliko injini yenyewe. Tangi la lita 60 hujazwa lita 48. Kwa gari la mfano wetu, lita hizo hulipeleka takriban kilomita 295. Kama pampu ya gesi ya magari iko umbali wa kilomita 30, kwenda na kurudi ni kilomita 60. Mwenye gari akienda huko kwa ajili ya gesi tu, amekwisha kutumia sehemu moja kati ya tano ya gesi aliyonunua. Na faida yote katika mfano wetu ilikuwa sehemu hiyohiyo moja kati ya tano. Kwa maneno mengine, amerudi nyumbani bila kuokoa hata senti.

Hali ni tofauti kwa gari ambalo njia yake ya kila siku hupita kwenye pampu. Gari la namna hiyo ndilo linalofaidi gesi.

MTUNGI WA JIKONI SI TANGI LA GARI

Pampu ikikosekana, kishawishi huwa ni kuunganisha mtungi wa kilo 13 wa nyumbani. Hilo ni kosa kwa sababu tatu.

Kwanza, halina faida. Kilo 13 za gesi ni takriban lita 24, na hufanya kazi ya lita 18 hivi za petroli. Kwa petroli ya Sh180, hizo ni Sh3,240. Mtungi ukijazwa kwa Sh3,200, dereva amehangaika bure.

Pili, mtungi wa jikoni umeundwa kutoa mvuke kidogo kidogo. Gari la mfano wetu likienda kilomita 80 kwa saa huhitaji takriban kilo 7 za gesi kwa saa moja. Mtungi hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo. Hupoa, huota barafu, presha hushuka, na gari huzimika mlimani likiwa na abiria. Kuulaza au kuugeuza mtungi ili utoe majimaji ni kualika moto.

Tatu, mtungi huo hauna vali ya kuzuia ujazo kupita asilimia 80, hauna vali ya umeme ya kukata gesi gari linapogongwa, wala haukuundwa kufungwa imara ndani ya gari. Vilevile, kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja hadi tangi jingine nyuma ya nyumba ni hatari na ni kinyume cha sheria.

Wakenya wameshaona matokeo ya gesi kushughulikiwa mahali pasipo na kibali. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi wengine zaidi ya 200. EPRA ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kujaza gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka wa 2023. Walioumia wengi walikuwa majirani tu.

GESI HUTIRIRIKA KAMA MAJI

LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kupotea. Hushuka chini na kufuata mteremko. Katika vilima vya Marani jambo hili lina maana yake. Gesi inayovuja kwenye gereji iliyo juu ya mteremko inaweza kufika jikoni kwa jirani aliye chini, ambako moto unawaka. Vivyo hivyo, hujaa ndani ya shimo la kukagulia magari na kukaa humo.

Gari la gesi liegeshwe mahali penye hewa, si ndani ya kibanda kilichozibwa pande zote. Gesi huongezwa dawa yenye harufu kali ili uvujaji utambulike. Harufu ikisikika:

• Zima injini na ufunge vali ya tangi ikiwa inafikika bila hatari.
• Usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme, na usiwashe kiberiti.
• Ondoa watu waelekee upande wa juu wa mteremko, si wa chini.
• Ukiwa mbali, piga 999 au 112.

Ukaguzi wa viungo vya mabomba hufanywa kwa povu la sabuni. Mapovu yakifura, pana uvujaji.

INJINI NAYO ITAVUMILIA?

Gesi huchoma safi, na oili huchafuka polepole zaidi. Hata hivyo, baadhi ya injini zina viti vya vali laini ambavyo huliwa haraka zaidi zikitumia gesi. Mwenye gari aulize hilo kuhusu injini yake hasa. Plagi na waya zake ziwe katika hali nzuri, kwa kuwa gesi huhitaji cheche yenye nguvu. Injini inayokula oili au inayochemka itengenezwe kwanza. Gesi haiponyi injini mbovu.

SHERIA INASEMAJE?

Biashara ya LPG inasimamiwa na EPRA chini ya Sheria ya Petroli ya 2019. Anayejaza au kuuza gesi lazima awe na leseni. Aina ya mafuta ya gari huandikwa kwenye hati ya usajili, kwa hiyo mabadiliko yake yaarifiwe NTSA. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi, la sivyo inaweza kukataa fidia gari likiungua.

Tangi na vali ziwe na alama ya kiwango kinachotambulika. Kanuni ya 67 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya LPG, kwa mfano, hutaka tangi liwe na vali ya kupumua inayofunguka kwenye takriban bar 27. Tangi lisilo na alama wala tarehe ya kutengenezwa lisifungwe.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la huduma za zimamoto na kukabili majanga. Lakini gari la zimamoto likitoka mjini kupanda vilima hivi huchukua muda, na moto wa gesi hausubiri.

KABLA YA KUTOA PESA

1. Pima kilomita za gari kwa mwezi mzima, usikisie.
2. Tafuta pampu ya gesi ya magari yenye leseni iliyo kwenye njia yako ya kawaida. Kama haipo, ishia hapo.
3. Gawanya bei ya petroli kwa 1.3 na ulinganishe na bei ya gesi.
4. Mwulize fundi akuonyeshe magari aliyobadilisha mwaka mmoja uliopita au zaidi, na uzungumze na wenyewe.
5. Dai hati ya tangi, hati ya kazi iliyofanywa na dhamana ya maandishi.
6. Arifu NTSA na kampuni ya bima.

Kwa gari ambalo hatua ya pili imelishinda, zipo njia za kuokoa petroli zisizohitaji kifaa chochote kipya: magurudumu yenye upepo wa kutosha, plagi na kichujio cha hewa vilivyobadilishwa kwa wakati, mzigo usiozidi, na safari mbili kuunganishwa kuwa moja.