Dondoo Muhimu: Hadhari za Mafuriko Kabla ya Masika

Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la Solai nchini Kenya lilipopasuka, na alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliyozuiliwa na taka chini ya tuta la reli yalipofumuka na kuushukia mji wa Mai Mahiu, roho zaidi ya 40 zilipotea katika kila msiba. Kwa hiyo yawapasa wakazi kushika hadhari hizi.

• Kagueni mapema. Mwezi Februari teueni watu waaminifu wazunguke na chifu, wazibue kalvati, na wakiona bwawa linavuja au lina ufa, waiarifu Mamlaka ya Rasilimali za Maji bila ajizi.

• Wekeni zamu ya usiku. Kwa kuwa misiba yote miwili ilitokea gizani, aliye mlimani ampigie simu aliye bondeni, naye apulize filimbi ambayo maana yake imekwisha kufahamika kwa wote.

• Pandeni, msikimbizane na maji. Njia ya kukimbilia ielekee mwinukoni, mbali na mkondo. Na kila mzee, mgonjwa au mlemavu awe chini ya dhamana ya jirani maalumu.

• Msijenge juu ya nyufa wala ukingoni mwa ziwa. Ardhi iliyopasuka karibu na Mai Mahiu mwaka 2018, na maji ya Ziwa Naivasha yaliyoingia nyumba za mtaa wa Kihoto, ni ushahidi wa kutosha.

• Dharura: Msalaba Mwekundu wa Kenya, simu 1199, bila malipo.