Kwaya Ilinileta Shuleni, Kwaya Ikanitoa Darasani



Leo tuongelee mahudhurio. Najua neno lenyewe linanukia ofisi ya mwalimu wa taaluma, ila vumilia kidogo.

Kidato cha pili nilikuwa mtoro. Natoka nyumbani na sare, nafika stendi, nakaa pale mpaka mchana, narudi. Hesabu zilinishinda, na niliona nisipokuwepo hakuna anayegundua. Kilichonirudisha si maneno ya nyumbani, maana hayo niliyazoea. Mlezi wetu wa TYCS alinisikia naimba kwenye Misa ya shule, akasema, "Wewe ni besi. Mazoezi Jumatatu na Alhamisi saa tisa. Asiyeingia darasani asubuhi, haimbi." Basi. Tulikuwa besi watatu tu, mmoja akikosa kila mtu anasikia. Nikaanza kuja.

Mtakatifu Yohane Bosko alilijua hili mapema. Kule Turin, miaka ya 1840, aliwapata vijana waliokuja mjini kutafuta kibarua, wengi hawana mtu wa kuwauliza wamelala wapi. Akawapa uwanja wa kuchezea, nyimbo na matembezi, pamoja na katekisimu na masomo ya jioni. Mpira na muziki viliwafungulia mlango, na wakiingia wanakuta mtu anayewajua kwa majina. Kijana haachi kirahisi mahali anaposubiriwa.

Sasa sehemu ya pili, ambayo huwa hatuisemi kwenye semina.

Kidato cha tatu nikawa katibu wa tawi. Kwaresma ikaingia: mazoezi ya Pasaka, vikao, kupamba kanisa. Karatasi za ruhusa naandika mimi, na mwalimu wa zamu akiona ni mambo ya kanisa anapitisha. Nikaanza kuziandika hata pasipo na kazi, hasa kipindi cha fizikia kikikaribia. Halafu dogo mmoja wa kidato cha kwanza, sauti yake nzuri kweli, akanifuata: "Kaka, niandikie na mimi, leo kuna jaribio la hesabu." Nikamwandikia.

Mama alipoitwa shuleni alikuta daftari la mahudhurio mezani. Akauliza hizo R ni nini. Ruhusa. Akazihesabu kwa kidole, kumi na saba. Akauliza na zile U za mwaka wa nyuma. Utoro. Mama hakufika sekondari, anauza maandazi. Akanitazama: "Siku ya R, mwalimu anakufundishia wapi?"

Sikuwa na jibu.

Soma Luka 2:41-52. Yesu ana miaka kumi na miwili, amebaki Hekaluni, wazazi wanamtafuta siku tatu. Alikuwa mahali patakatifu kuliko kanisa lolote tunalolipamba sisi. Lakini angalia anafanya nini humo: ameketi katikati ya walimu, anasikiliza, anauliza. Kisha anashuka Nazareti na wazazi wake, anawatii, na Injili inasema aliendelea kukua katika hekima. Mimi nilikuwa nalitumia jina lake kuwakimbia walimu.

Kwenye TYCS tuna ile njia ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji: Ona, Amua, Tenda. Tunaitumia sana kuona matatizo ya kijiji na ya serikali. Safari hii tuliitumia kwenye daftari letu wenyewe. Tukakubaliana mazoezi yote yawe baada ya vipindi, na karatasi ya ruhusa isainiwe kwanza na mwalimu wa somo linalokoswa. Kwaya ilipungua watu wanne wiki hiyohiyo! Hao hawakuwa waimbaji, walikuwa wakimbizi kama mimi.

Yule dogo alipokuja tena kuomba karatasi, nilimwambia twende wote kwa mwalimu wa hesabu, na mimi ndiye nitakayeanza kueleza. Tukaenda. Alininunia mpaka Jumapili ya Matawi.

Tuombeane.